Nilimtangaza Wifi Yangu Kuwa Hana Maziwa

Waliokuwa nami tangu mwanzo wanajua nilivyoingia. Naitwa Joyness, mzaliwa wa Masama mlimani Kilimanjaro, mpangaji wa chumba kimoja Majengo mjini Moshi, mpika mtori. Kwa asiyeujua, mtori ni supu nzito ya ndizi na nyama, na huku kwetu ndicho chakula cha mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua.

Nilifungua ukurasa mtandaoni nikauita Mtori wa Joy. Nikanunua wafuasi wa bandia, wengi wao watu wa nchi ambazo hazijawahi kuona mgomba. Nikalipia tangazo likaenda nchi nzima, kwa vijana, kwa wazee, kwa mabaharia. Mteja wa kwanza akatokea Dar es Salaam. Nikampelekea mtori kwa basi, ukachacha njiani, mfuniko ukafyatuka, ukamwagikia begi la mchungaji.

Wiki iliyopita niliwaacha pale kaka yangu Filemon aliponipigia simu kwamba amenipatia mtu wa kuniokoa. Leo nawaambia alikuwa nani.

Alijiita Kocha Shedrack, mwalimu wa kuuza mtandaoni. Ofisi yake ilikuwa ghorofani mjini Moshi, chumba chenye viti vya plastiki na taa ya duara ya kupigia picha. Hakuniuliza mtori unapikwaje. Hakuniuliza nani anaununua. Aliangalia ukurasa wangu kwenye simu, akaguna.

“Umekufa huu,” alisema. “Unauza chakula. Mtandaoni hakuna anayenunua chakula, dada yangu. Watu wananunua machozi.”

“Machozi ya nani?”

“Ya mama. Tafuta mama aliyeteseka, akala mtori wako, akapona. Kabla na baada. Ukipata huyo, oda utazikimbia mwenyewe.”

“Simjui mama wa namna hiyo.”

Filemon alikuwa amekaa pembeni yangu. Kaka yangu anaongoza wageni mlimani, na mvua za masika zikianza wageni hupungua, naye hushinda anachezea simu. Alikuwa ameshahudhuria madarasa yote ya Shedrack.

“Kindness si yupo ndani?” alisema. “Mtoto bado mchanga kabisa.”

Kindness ni mke wake. Wifi yangu. Wazo lilitoka kinywani mwa mume, na mimi, badala ya kusimama nikaondoka, nikauliza taa ya duara inakodishwaje.

Kwetu mzazi hukaa ndani. Mama mkwe humpikia, humkanda, humlisha, na hakuna anayemwona ovyo mpaka siku zake zitimie atolewe nje akiwa amenawiri. Akitoka mnono, sifa ni ya mama mkwe. Akitoka amekonda, ukoo mzima wa mume unatembea kichwa chini. Haya nimeyajua tangu nikiwa na meno ya utoto.

Nilipanda Masama siku ambayo Mama alikuwa ameshuka bondeni kukata majani ya ng’ombe. Nilijua hayupo, ndiyo maana nikaenda siku hiyo.

Kindness alikuwa chumba cha ndani, amejifunga kitenge, Jesse kifuani ananyonya, bakuli la mtori mkononi.

“Wifi, karibu. Sasa hiyo simu ya nini?”

“Ukumbusho tu. Jesse akikua ajione.”

Akacheka, akajivuta vizuri kwenye mto. Nikarekodi. Na niseme na hili kabla halijanikaba: mtori uliokuwa kwenye bakuli haukuwa wangu. Aliupika Mama asubuhi ile, kwa ndizi mshare za shambani kwake na mbavu alizozifuata mwenyewe buchani. Nilitangaza biashara yangu kwa jasho la mama yangu.

Shedrack aliipokea video kama mtu aliyeokota dhahabu. Akaweka kinanda cha huzuni. Juu yake akaandika: “Mama huyu maziwa yalimkauka. Mtoto alilia mchana na usiku, hakuna aliyejali. Ndipo alipokutana na Mtori wa Joy.”

“Lakini Kindness hakukosa maziwa,” nilisema. “Ana maziwa mpaka yanalowesha nguo.”

“Huo unaitwa ubunifu.”

“Na hilo la hakuna aliyejali?”

“Mteja hataki habari za shambani kwenu. Anataka tumaini. Bonyeza.”

Nikabonyeza.

Kwa kweli ilikimbia. Ilikimbia kama nilivyokuwa nikiomba tangu nianze, na nikagundua kwamba nilikuwa naomba takataka. Wanaume walijaa kwenye maoni kama nzi kwenye utumbo. Mmoja aliuliza kama na hayo maziwa yanauzwa. Maneno yake yalipendwa na watu wengi kuliko chakula chochote nilichowahi kupika. Wengine waliandika mambo ambayo mhariri wa gazeti hili hatayapitisha, na mimi sitaki kuyaandika tena hata kwa kalamu ya kuazima.

Wateja walikuwa wawili watatu. Mmoja alitaka kujua kama nina dawa ya nguvu za kiume.

Nilimpelekea Filemon simu, nikamwonyesha yale maoni.

“Huyu ni mkeo, Filemon. Soma.”

Akasoma. Nilimwona akisoma. Kisha akateremka chini zaidi kutafuta mengine.

“Watu wanaingia, Joy,” alisema. “Usizime. Hawa wa matusi ndio wanaoipandisha.”

Nilimtazama uso nikatafuta haya, sikuiona. Ila na mimi sikuizima. Nilikwenda kulala nikiwa nimejichukia, na asubuhi nikaamka nikaangalia watazamaji kabla sijanawa.

Jumapili ikafika.

Pale usharikani kwetu Masama, ibada ikiisha tunatoka nje kwa mnada. Waumini wasio na fedha hutoa sadaka ya mazao: mayai, maparachichi, kuku, mkungu wa ndizi. Mzee wa kanisa hunadi, watu hununua, wanataniana, wanacheka. Mama yangu huupenda mnada kuliko mahubiri. Siku ile alikuwa amevaa sare ya umoja wa wanawake, amesimama mbele.

Uliletwa mkungu mzuri wa mshare. Mwanamke mmoja wa kwaya akapandisha dau mpaka akaupata. Halafu hakuuchukua.

“Mkungu huu nautoa zawadi,” alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. “Apewe Mama Filemon. Akampikie mkwewe, mtoto naye apate maziwa.”

Watu walicheka. Si wote. Waliocheka ni wale waliokwisha kuiona video kwenye simu zao. Waliobaki waligeuka kuuliza wenzao wanacheka nini, na simu zikaanza kupita mkono kwa mkono kwenye uwanja wa kanisa. Moja ikamfikia Mama. Nilikuwa nimesimama karibu nikamwona akiisogeza mbali na macho, maana bila miwani haoni karibu. Nikamwona akimtambua Kindness. Nikamwona akilitambua bakuli lake.

Hakunigombeza pale. Aliubeba ule mkungu mwenyewe mpaka nyumbani, akautua jikoni, ndipo akaniuliza.

“Joyness, mimi nilimnyima nini Kindness?”

“Hukumnyima kitu, Mama.”

“Basi kwa nini watu wanaambiwa nimemkausha?”

Naapa sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimeyasoma yale maneno mara nyingi nikiyaona tangazo. Lakini kumtangaza mzazi kwamba alikauka mpaka akakutana na mtori wangu ni kumtangaza mama mkwe wake kwamba hakumlisha. Kila mwanamke wa mlimani aliisoma hivyo mara moja. Shedrack asingeweza kujua, yeye si wa huku. Mimi ni wa huku.

Katikati ya wiki Mzee Ebenezeri akaja kutoka Mwika, upande wa pili wa mlima. Huyo ni baba yake Kindness, mtu mrefu, mstaafu wa chama cha ushirika, hapendi maneno. Alikuja na kaka yake na gari la kukodi. Alikataa kiti. Alikataa chai.

“Nilikupa binti mzima,” alimwambia Mama. “Kama chakula kilikuwa kinakushinda, Mwika ndizi zipo. Ungesema.”



Kindness akatolewa ndani siku zake hazijatimia, bila kupambwa, bila vigelegele, amejifunika kitenge kichwani kama mgonjwa. Jesse alikuwa amelala. Nilimfuata mpaka mlango wa gari.

“Wifi, naomba unisikilize.”

“Ulisema ni ukumbusho,” alinijibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi.

Gari likageuza kwenye migomba, likaondoka na mjukuu pekee wa mama yangu. Tangu hapo nyumba ya Masama ikawa na kitu kimoja tu cha kuulizwa: Kindness na mtoto watarudi au hawatarudi?

Nilishuka mjini mbiombio kwa Shedrack.

“Hongera,” alisema. “Umefika. Watu wanakuzungumzia.”

“Wamemchukua mwanamke na mtoto.”

“Safi. Hiyo nayo ni hadithi. Kwanza futa maoni yote mabaya, anayekusumbua mfungie kabisa.”

Na mimi, kichwa maji, nikafanya. Nikawafungia akina mama wa usharika waliokuwa wananiuliza maswali ya haki. Walipoona wamefungiwa, wakasema: mnaona, anaficha, basi ni kweli. Kosa nililolifanya kwa kidole kimoja likawa na miguu.

Siku iliyofuata nikaitoa ile video. Nilidhani yamekwisha. Jioni Filemon akanionyesha ukurasa wa Shedrack, na Kindness alikuwa pale, na kitenge chake, na Jesse wake. Chini imeandikwa: “Kazi ya mwanafunzi wangu. Jiunge na darasa.”

Nikarudi kwake asubuhi.

“Itoe.”

“Hiyo sasa ni kazi yangu ya kufundishia, dada.”

“Yule ni binti wa watu.”

“Ni mfano mzuri sana. Wote wanaupenda.”

Nilitema mate kwenye ngazi zake wakati nashuka. Mlinzi akaniona. Sijutii.

Baadaye nilitafuta mwanasheria wa msaada wa kisheria, na barua moja yenye mhuri ikafanya kile machozi yangu yalichoshindwa. Akaitoa. Lakini hiyo ilikuwa baadaye, na waliotaka kuihifadhi walikuwa wameshaihifadhi.

Nilikuwa nimeamua kuufuta ukurasa na kurudi kuuza nyanya kama zamani. Ndipo simu ikaita, namba nisiyoijua.

“Wewe ndiye unayepika mtori?” Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha bara ya mbali.

“Nilikuwa.”

“Mimi naitwa Valeria. Niko huku chini kwenye mashamba ya miwa, mume wangu ni wa kiwandani. Nimejifungua juzi. Kwetu ni Kigoma, huku sina mama wala shangazi.” Nikasikia mtoto akilia nyuma yake. “Dada, ile video yako niliiona. Sikuipenda. Nilisikia vibaya mno. Nimekupigia kwa sababu sina mtu wa kunipikia.”

Nikaisogeza simu karibu na sikio.

“Nataka kujua vitu vidogo tu,” akaendelea. “Unaweza kuuleta leo? Utafika wa moto? Na bei yake ni hiyo hiyo au na usafiri?”

Niliketi kwenye kitanda changu pale Majengo nikaufungua ukurasa wangu mwenyewe kama mgeni. Nilipekua kuanzia juu mpaka chini. Palikuwa na kinanda, machozi, mioyo, wafuasi wa nchi za barafu. Hapakuwa na mahali nilipoandika napikia wapi, nafikisha wapi, saa ngapi, bei gani. Mwanamke mwenye kidonda cha uzazi alilazimika kupiga simu kuniuliza kama ninauza ninachouza.

Nilipika. Nikautia kwenye chupa kubwa ya chai, nikapanda bodaboda nimeikumbatia. Valeria alikula mbele yangu, polepole. Alipomaliza akaniomba nirudi kesho. Sikumpiga picha. Aliniuliza kwa nini simpigi, nikamwambia mimi na picha tumeachana.

Siku hiyo nikaandika upya. Napika asubuhi, Majengo. Mtori wa mshare na nyama, au na maziwa kwa asiyetaka nyama. Naleta mjini na mashambani, ukiwa wa moto. Dar es Salaam hauendi, nilijaribu ukachacha. Sijui kutibu, najua kupika. Picha ilikuwa moja, sufuria langu, limeungua pembeni. Nikawafungulia wote niliowafungia. Walionitukana kwa haki nikawajibu: ni kweli, nilikosea. Wafuasi wa bandia nikawaondoa, na ukurasa ukabaki mdogo kama usharika wa kijijini, lakini kila aliyekuwemo alikuwa mtu.

Valeria akawaambia majirani zake, wanawake wa Kigoma, wa Singida, wa Mbeya, wote mbali na mama zao. Nikawa napika mpaka mikono inanuka ndizi kanisani.

Ningependa kuishia hapo na kupokea pongezi. Lakini Masama Mama alikuwa hanisemeshi, alikuwa anapika mtori kwa mazoea halafu anawamwagia nguruwe. Na Filemon alikuwa amekwenda Mwika akaambiwa asubiri nje mpaka akachoka mwenyewe.

Filemon ndiye aliyekuwa ananisaidia kujibu ujumbe wa wateja ninapokuwa jikoni, kwa hiyo neno la siri la ukurasa alikuwa nalo. Kulibadilisha niliona ni kumtukana ndugu.

“Watazamaji wameanguka, Joy,” alikuwa akiniambia kila akishika simu.

“Mtori unaisha kila siku. Watazamaji wa nini?”

“Huelewi. Shedrack anasema baada ya kashfa lazima uwape watu msamaha. Ukinyamaza unawapoteza.”

“Mtaje tena huyo mtu uone.”

Akaiweka simu chini. Nikadhani ameelewa. Jamani.

Asubuhi moja Mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa kavu. “Panda. Tunakwenda Mwika.”

Nilimkuta mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, karibu na kaburi la babu, anakata jani la isale. Mgeni akiliona atasema ni ua la kawaida, jani refu la kijani. Sisi tunajua. Aliyekosa hulibeba mpaka kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hawezi kulikataa, hata kama moyo wake unatoka damu. Na mwenye kulishika hasemi uongo. Mama alilifunga fundo, akanipa bila kunitazama.

“Ulibonyeza wewe. Utalibeba wewe.”

Tulikwenda watu wanne: Mama, Filemon, mimi, na baba mdogo Godlove wa kutusemea. Filemon alivaa shati jeupe la mifuko, la harusi yake. Nilifurahi kumwona amejiheshimu.

Mzee Ebenezeri alitupokea uani, kwenye viti. Kindness alikuwa amekaa karibu na mlango, Jesse mapajani, ameongezeka mpaka sikumjua mara moja. Kindness alimwangalia mume wake, kisha akaangalia chini. Nikaona hana neno naye, alikuwa anamsubiri tu. Nikapata moyo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Kichagga cha kwetu na cha kwao havisikilizani vizuri, kwa hiyo mambo mazito tunayasema kwa Kiswahili. Baba mdogo akafungua maneno, akashukuru, akasema mwenye kosa yupo. Nikasogea, nikapiga magoti, nikalinyoosha isale kwa mikono miwili.

“Baba, wifi yangu hakukosa maziwa hata siku moja,” nilisema. “Mama yangu alimlisha vizuri kuliko alivyonilisha mimi. Mtori ule kwenye video ni wa Mama, haukuwa wa kwangu. Nilimwambia Kindness ni ukumbusho, nikaenda kumuuza. Nilisema uongo ili watu waninunulie. Naomba mnisamehe. Naomba Jesse arudi kwa bibi yake.”

Mama alikuwa analia kimya. Kindness naye alishajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Mzee Ebenezeri akainuka kwenye kiti. Mkono wake ukaja. Vidole vyake vililigusa jani.

“Baba.”

Alikuwa Tabitha, mdogo wake Kindness, ametokea jikoni na simu mkononi. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

“Baba, mbona uko humu?”

Akamwonyesha. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nikaona na mimi. Mzee Ebenezeri alikuwa kwenye kioo, mkono wake kwenye isale, mubashara. Pembeni alikuwepo mama yangu anayelia, na kilemba changu kwa nyuma. Juu pameandikwa Mtori wa Joy. Chini pameandikwa: “Anaomba msamaha kwa wakwe, je, watampokea? Oda piga namba hii.”

Namba ilikuwa yangu.

Mioyo midogo myekundu ilikuwa inapanda kwenye kioo, inapita juu ya uso wa yule mzee.

“Joyness,” Mzee Ebenezeri aliniita taratibu. “Ukurasa huu ni wa nani?”

“Ni wangu, baba.”

“Na anayetupiga picha ni nani?”

Picha ilikuwa inatoka upande wa kushoto, kimo cha kifua cha mtu aliyekaa. Nikageuka. Mfuko wa shati jeupe ulikuwa umetuna, na juu yake jicho jeusi la simu linachungulia. Filemon alikuwa ananiangalia. Alikuwa anatingisha kichwa kidogo sana, ananiomba niseme ni mimi.

Ningeweza. Nilikuwa nimeshaoza tayari, kosa moja zaidi lisingenibadilisha rangi. Na mke wake alikuwa pale, kwa mara ya kwanza tangu aondoke akimsubiri.

“Unashika nini mkononi?” Mzee aliniuliza.

“Isale, baba.”

“Basi sema.”

“Ni Filemon,” nilisema. “Iko mfukoni mwake.”

Mzee Ebenezeri akalichukua jani mikononi mwangu. Alilichukua vizuri, kwa heshima, akaliweka kwenye kiti chake. “La kwako nimelipokea, inuka,” aliniambia. Kisha akamgeukia kaka yangu. “La huyu sijaliona.”

Nikainuka, nikapangusa magoti.

Kindness akasimama na mtoto.

“Baba Jesse,” alisema, na sauti yake ilikuwa laini mpaka ikaniogopesha. “Toa hiyo simu, uwaage watu wako. Halafu uje tuzungumze ndani, mimi na wewe. Nilikuwa nakusubiri.”

Filemon akaitoa simu mfukoni. Nilidhani anaizima. Sote tulidhani anaizima. Aliishika kwa mikono miwili, kidole kikaanza kupandisha maoni, macho yanakimbia kushoto na kulia.

“Filemon,” Mama alimwita.

“Ngojeni kidogo,” alisema bila kuinua kichwa. “Watu ndiyo kwanza wanaingia.”

Kindness akamfunika Jesse uso kwa kitenge, akaingia ndani, nikasikia komeo likipita. Mzee Ebenezeri akaliinua isale kwenye kiti, akakivuta kile kiti mpaka mbele ya mlango, akaketi, na jani akaliweka mapajani.